Deero Alipotea Mara Mbili

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyosimama kando ya kisima karibu na Buna, nikimwonyesha kwa kidole ngamia wa mama yangu, na asipatikane mtu hata mmoja wa kukubali kwamba ni wake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule, na nilidhani kumaliza shule ni kumaliza kujifunza.

Mwaka ule mvua ilitupita Hadado, ikanyesha kaskazini. Baba akaniamuru niwapeleke huko ngamia wetu sita. Wewe uliyekulia mjini pengine hujui kwamba ngamia wa kwetu huchomwa shingoni kwa chuma cha moto angali mchanga, na kovu lile ndilo cheti chake. Akipotea, anayemwona huisoma shingo na kujua amrudishe kwa nani. Alama yetu ilikuwa duara lenye mistari miwili chini yake, upande wa kushoto. Baba alinipa agizo moja tu. Nikifika kwenye kisima cha watu wengine, kabla ngamia hajainamisha kichwa kunywa, niende kwa wazee wa kisima, niwaonyeshe alama yetu na kuwahesabia mifugo mbele ya macho yao.

Sikufanya hivyo. Njiani nilikunywa chai na dereva wa lori ambaye sikumjua hata jina, akaniambia kwamba alama ya watu wetu inajulikana mpaka Moyale, na kwamba kuwasumbua wazee ni mambo ya kale. Maneno yake yalinifurahisha, nami nikayachukua kuwa habari. Huo ndio udhaifu wa kijana: lile linalompunguzia kazi hulikubali upesi bila kuuliza limetoka wapi.

Siku ya tisa, ngamia jike aitwaye Deero, ambaye mama alimtegemea kwa maziwa, alijichanganya na kundi la wenyeji. Nilipomfuata nikakuta jambo ambalo dereva hakunieleza. Wenyeji wale nao walichoma duara na mistari miwili, upande uleule wa kushoto.

Mzee wa kisima, jina lake Guled, alinisikiliza akiwa amekaa juu ya birika la kunyweshea.

"Kijana, huyo ana alama yetu."

"Ni alama yetu pia, adeer," nikasema, nikimwita baba mdogo kwa heshima. "Kila mtu anaijua."

"Kila mtu yuko wapi? Mlete nimwulize."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Si umesoma wewe? Mwite kwa jina basi, aje atoe ushahidi!" Nami, kwa hasira, nikamwita. Deero akageuza kichwa. Ngamia wengine watatu nao wakageuza vichwa, na kicheko kikazidi.

Mzee Guled peke yake hakucheka. Alisema, "Ungekuja kwangu siku ya kwanza, leo ningekuwa shahidi wako. Umekuja siku ya tisa, wewe ni mdai kama mdai mwingine yeyote."

Nilirudi Hadado na ngamia watano. Baba aliuliza nani aliniambia nisiende kwa wazee. Nikamjibu kuwa ni dereva wa lori.

"Dereva huyo ana ngamia?"

"Hana."

"Basi," akasema. Mama alikichukua chombo chake cha kukamulia, akakipindua, akakitundika. Chombo kile kilikaa hivyo mpaka mwaka uliofuata, nami nilikiona kila asubuhi.

Kisa hiki nimekieleza katika nyumba yetu mara nyingi mno. Nilikieleza mpaka binti wa marehemu ndugu yangu, Hodan, alipofungua biashara yake hapa Garissa ya kupika nyirinyiri ya ngamia, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika samli, akaipa jina la Deero. Kwenye kifuniko cha kila kopo akaweka duara na mistari miwili. Nilifurahi, sitaficha. Lakini sasa naona kwamba alichukua jina akaacha somo, na kwa hilo bado nimekasirika.

Nyirinyiri yake ni nzuri. Haiharibiki, haina mchanga, haitoi harufu ya moshi. Ikapendwa hapa, ikapendwa Wajir, kisha mfanyabiashara mmoja aliyeko katika nchi ya Ghuba akaomba makopo. Hodan aliniambia kwa furaha kwamba huyo ni mtu wetu, anasema lugha yetu, na babu zetu walinywesha pamoja. Nikauliza kama ameandika mkataba. Akasema, "Adeer, mkataba na mtu wetu? Si atadhani namshuku?" Nami, ambaye nilipaswa kusimama mlangoni na kumzuia, nilinung'unika tu na kurudi kwenye gazeti langu. Hilo ni kosa langu, na ninaliandika hapa ili usinione kuwa mtakatifu.

Akampelekea makopo. Kwa simu akampelekea mchoro wa kifuniko, herufi za jina, hata orodha ya viungo aliyorithi kwa mama yake, eti mtu yule ajue kuwaeleza wateja. Baada ya miezi kadhaa duka la pili katika nchi ileile likaagiza mzigo. Mzigo ukafika bandarini, ukazuiwa. Sababu iliyoandikwa ni kwamba bidhaa hizo zinaiga alama ya biashara ya mtu mwingine. Mtu huyo mwingine ni mtu wetu. Alikuwa amesajili jina Deero, pamoja na duara na mistari yake miwili, kuwa mali yake mwenyewe.

Hodan alikuja kwangu akiwa na karatasi mkononi. "Adeer, mimi nina cheti!"

Nikavaa miwani, nikakisoma cheti mpaka mwisho, jambo ambalo yeye hakuwahi kulifanya. "Hiki ni cheti cha kuandikisha jina la biashara," nikamwambia. "Kinasema kwamba wewe, Hodan, unafanya biashara kwa jina hili. Hakisemi kwamba jina ni lako na mwingine asilitumie. Alama ya biashara husajiliwa kwingine, kwa ombi jingine. Nani alikuambia hiki kinatosha?"

"Wanawake wenzangu sokoni."

"Wamewahi kusajili alama?"

Akakikunja cheti. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kila mtu Garissa anajua Deero ni yangu."

Wallahi, mwanangu, nilihisi kana kwamba nimesimama tena kwenye kisima kile. "Kila mtu Garissa!" nikasema. "Na ofisa wa bandari ile ni mtu wa Garissa? Yeye anafungua daftari la nchi yake, na katika daftari lile wewe hupo."

Alilia, nami nikamwacha alie. Kisha tukaenda kwa wakili anayeifahamu kazi hii. Yule wakili hakutuahidi asichokijua, na kwa sababu hiyo nilimwamini. Alisema pingamizi la kutaka usajili ule ufutwe linaweza kuwasilishwa katika nchi ile, kwamba mtu yule alisajili kwa nia mbaya jina alilojua si lake, na kwamba ujumbe wa simu, stakabadhi na picha za zamani za makopo zinaweza kuwa ushahidi. Lakini kesi huenda ikachukua muda mrefu, na matokeo yake hayajulikani. Mpaka hapo, kopo lenye jina Deero halitaingia huko kwa mkono wa Hodan. Mzigo ulirudishwa. Wateja wa kule wanaendelea kununua Deero, ila sasa inapikwa na mtu mwingine kwa viungo vya mama yake Hodan.

Wiki iliyopita Hodan aliwasilisha ombi la kusajili alama yake hapa Kenya. Palipoandikwa "mwenye alama", alisita kwanza, kisha akaandika jina lake lote, la baba yake na la babu yake, kwa mkono uliotulia. Pingamizi la kule nalo limepelekwa. Tunasubiri.

Sasa nisikilize, na usiseme baadaye kwamba mzee hakueleza wazi. Usajili wa nchi moja hukulinda katika nchi hiyo. Ng'ambo ya mpaka wewe ni mgeni mwenye ngamia asiyejulikana. Kabla kopo la kwanza, kitambaa cha kwanza au programu yako ya kwanza ya simu haijavuka, omba usajili nyumbani, kisha omba kule unakokwenda. Upo muda mfupi ambamo ombi la kule huhesabiwa kuanzia tarehe ya ombi la nyumbani. Usiniulize ni muda gani, wala usininukuu. Nenda ukamwulize wakili, kisha usome mwenyewe kilichoandikwa. Mkataba na wakala wako useme waziwazi kwamba anauza tu, na kwamba jina, mchoro na mapishi vinabaki kuwa vyako. Siri ya mapishi usiipeleke kwa simu kwa mtu yeyote, awe wa ukoo wako au awe wa mbali. Kumwomba mtu wetu atie sahihi si kumtukana. Aliye mwema hatakasirika, na atakayekasirika amekupa habari muhimu mapema.

Mama yangu alifariki bila kumwona tena Deero wake. Namwomba Mungu amrudishie Hodan wa kwake, na akurehemu wewe usiwe na wa kutafuta. Aibariki mikono yako na kazi yake, akufikishe kwenye visima vya mbali ukiwa na afya, na kila unapofika akujaalie ufike siku ya kwanza, wazee wakiwa wameketi, uwe na shahidi kabla hujahitaji kudai. Amina.