Nilivyokwenda Stockholm kwa Ajili ya Kipa Chelewa

Baba aliniita kitandani kwake, Kasulu, akasema bila kuzunguka: "Nenda. Nataka kujua kama mzee wangu alikuwa mwongo."

Bibi mmoja wa Stockholm alikuwa ameliandikia kanisa letu. Anatunza daftari la babu yake, mwalimu Mswidi aliyeanzisha timu ya mpira katika chuo cha ualimu alikosoma babu yangu Zakaria, miaka mia hivi iliyopita. Zakaria alikuwa kipa. Siku ya fainali alifika mechi imekwisha, akafukuzwa timuni, na tangu hapo akaitwa Chelewa. Mpaka anakufa aliapa kwamba aliwahi. Hakuna aliyemwamini.

Nilitua Stockholm mwezi wa Novemba, baridi ikanitia adabu palepale mlangoni mwa ndege. Mwenyeji wangu, Mama Diane, Mrundi aliyewahi kuishi kambi ya wakimbizi huko kwetu Kasulu, alinipeleka kwake Hallonbergen. Binti yake alinisalimia, "Hej!" Mama akamkaripia: "Sema shikamoo!" Akasema, kisha akaendelea na Kiswidi chake.

Asubuhi ya pili tulipanda treni ya chini ya ardhi, tukabadili katikati ya mji, tukashukia Bredäng, kwenye maghorofa yanayofanana mpaka nikachoka kuyatofautisha. Bibi Ingrid, mwenye daftari, alitupokea kwa kahawa na mikate ya mdalasini.

Mama Diane alitafsiri. Msimu ulianza vibaya: mechi ya kwanza, dhidi ya askari, walifungwa matano. Kisha Zakaria akawekwa golini, na mechi nne zilizofuata hawakufungwa hata moja. "Ana mikono mirefu," mwalimu aliandika, "na hacheki akiwa golini." Kabla ya fainali Zakaria alikwenda kwao kumzika mama yake. Mwalimu akamtumia barua ya Kiswahili, na nakala yake ilikuwa imebandikwa humo: "Rudi. Mechi ni Jumamosi, saa tisa."

Chini yake, kwa Kiswidi: "Tulianza klockan nio. Tumefungwa matatu. Zakaria amekuja mchana, anatabasamu, anauliza wenzake wako wapi. Nikamuuliza nilimwandikia saa ngapi. Akajibu, saa tisa. Anajua, na bado amechelewa!"

"Klockan nio ndiyo saa ngapi?" niliuliza.

Mama Diane alishika kichwa. "Mungu wangu! Nio ni tisa, lakini tisa ya kwao ni saa tatu yetu ya asubuhi, kaka. Huyu muzungu alihesabu saa za kwao, akaziandika kwa Kiswahili. Hata mimi nilipofika hapa, daktari wa meno aliniambia klockan tre. Nikasikia tatu, nikaenda asubuhi. Alikuwa ananingoja mchana!"

Nilicheka, halafu nikaona uchungu. Bibi Ingrid alipoelezwa, aliweka kikombe chini.

"Hakuna aliyemwambia babu yangu kosa lake?" aliuliza.

"Mwalimu mzungu, zama zile?" nilijibu. "Nani angemsahihisha?"

Alinifungia nakala ya kurasa zile kwenye bahasha.

Baada ya siku sita nilikuwa Kasulu. Nilimsomea Baba polepole tafsiri aliyoniandikia Mama Diane. Aliniomba nirudie pale pa "anatabasamu". Nikamwambia nilichojifunza: kwamba watu wawili wanaweza kutaja saa ileile, wakagombana, na wote wawe wakweli.

Baba hakuwa na haja na funzo langu.

"Nipe viatu," alisema. "Twende kaburini. Hata mimi nilikuwa nikimwita Chelewa."