Harusi ya Malkia Aliyevaa Nyeupe

Kila Jumamosi saa nane mchana, soko la Rubwera likianza kulegea, Jovitus Rwegoshora wa Kimuli alishika maikrofoni kwenye banda la video la Othman akawatafsiria watu picha la Kichina. Kichina chenyewe hakukijua hata cha kuombea maji ya kunywa. Hilo halikumsumbua yeye wala watazamaji wake kwa miaka kumi na mmoja. Picha zilikuja kwenye flashi kutoka Bukoba, maandishi ya chini ni ya Kichina matupu, naye alisoma nyuso. Nani ana kinyongo, nani anamtamani mke wa nani, nani hatafika mwisho: yote aliyapata kwenye macho na mabega ya waigizaji, na mara nyingi alipatia.

Maana jicho alikuwa nalo, tumpe haki yake. Mwigizaji akipigwa mshale akaanguka kwa madaha, Jovitus alisimamisha picha akawauliza watu kama wamewahi kumwona mtu akianguka namna ile kutoka juu ya mbuni wa kahawa. Aliwapenda waigizaji wazee wanaocheza ufalme kwa kunyamaza tu. Alipenda rangi zinavyopangwa, jeshi hili jekundu, lile jeusi, mpaka aliyekaa nyuma kabisa ajue nani ni wa nani, na kamera inavyorudi nyuma hadi askari elfu moja wanaonekana kama kahawa iliyoanikwa. Mapigano ya kwenye mvua aliyakataa katakata. Mtu mwenye akili timamu, alisema, hukimbilia kwanza kujikinga.

Kitu kimoja hakukiweza, nacho ni kukaa. Alitafsiri akitembea, kutoka ukutani hadi mlangoni na kurudi, waya wa maikrofoni ukiwapiga watu magotini. Zamani alikuwa akitembea kidogo. Tangu mkewe Sperancia alipofariki, miaka minne iliyopita, ndipo ilipozidi. Nyumbani Kimuli alianza kupalilia migomba, akaiacha nusu, akaenda kuangalia kahawa, akarudi bila kujua alikwenda kufanya nini. Jumamosi ilipofika alirukia bodaboda kabla hata chai haijapoa. Lile banda ndilo lililokuwa likimtoa kwenye nyumba tupu, na hakuwa na lingine.

Picha lililopendwa kuliko yote lilikuwa la malkia fulani na mumewe, mfalme aliyeondoka kwenda vitani. Karibu na mwisho ikulu nzima inageuka nyeupe. Bendera nyeupe, farasi wamefungwa vitambaa vyeupe, malkia mwenyewe kavaa nyeupe kuanzia kichwani, na vikaratasi vyeupe vinarushwa hewani. Jovitus hakusita tangu siku ya kwanza: harusi. Kwani bibi harusi wa Rubwera, awe Mlutheri au Mkatoliki, anaingia kanisani na rangi gani? Lile sanduku kubwa jeusi lililobebwa na wanaume kumi na sita alisema ni mahari. Mfalme hakuonekana tena, lakini steringi, yule shujaa wa picha, hafi, kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo Jovitus akasema yuko njiani anakuja kumuoa upya mkewe kwa heshima. Wanawake walipiga vigelegele kila mara, na aliyeanza daima alikuwa Ma Prudensia, muuza ndizi, jirani yake wa Kimuli.

Malkia alilia, na hilo nalo halikuwa tatizo. Bibi harusi wetu akitoka kwao na macho makavu atasengenywa mpaka apate wajukuu. Ila Jovitus alimpa malkia alama za chini. Bibi harusi hulia huku sikio moja linasikiliza ngoma, alisema, na huyu analia kama amesahau kuna watu. "Anazidisha," aliwaambia watu kila lilipooneshwa. Ukweli ni kwamba kilio kile kilimkera kuliko uigizaji mbaya unavyopaswa kumkera mtu. Kikifika, alitoka nje, akasimama mlangoni mpaka kiishe.

Ndipo akaja Ainembabazi, mhandisi wa maji aliyehamishiwa ofisi za wilaya. Mzaliwa wa Nyakahanga, alisoma China miaka sita. Jumamosi moja alikaa benchi la nyuma, akacheka panapochekesha, na baada ya picha akamsubiri Jovitus nje. Alimwamkia shikamoo, akamsifu kwa jicho lake, kisha akasema polepole, watu wengine wasisikie.

"Mzee, ile siyo harusi. Kule nyeupe ya namna ile ni ya msiba. Ndani ya lile sanduku yumo mumewe."

Jovitus alimjibu kwamba China ni kubwa, huenda kila upande una yake. Ainembabazi hakubishana. Alisema huenda, akaaga.

Wiki ile Jovitus hakumaliza kazi hata moja. Picha alikuwa nalo kwenye simu. Aliliangalia chini ya migomba, akazima, akalima mistari miwili, akaliwasha tena. Sasa aliona. Hakuna aliyekuwa anakula. Hakuna aliyecheka. Na malkia, kabla ya kulia, alikuwa anapanga mabakuli. Jovitus siku zote alitafsiri kwamba anaandaa sherehe. Anapanga, anafuta, anahamisha bakuli moja, analirudisha palepale, kamera imetulia mgongoni kwake bila haraka. Mabakuli yanapokwisha, mikono inabaki hewani haina cha kushika, na hapo ndipo analia. Mwanamke yule hakuzidisha kitu. Alikuwa mwigizaji bora kuliko wote aliowahi kuwatafsiri, na yeye alimsema vibaya miaka yote hiyo.

Jovitus aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kingine kilichomuuma zaidi. Mikono ile aliijua. Siku ya kumzika Sperancia, ndani waliwekewa majani sakafuni wafiwa wakae, na yeye hakukaa. Alifunga kamba za turubai. Alihesabu viti, akaulizia maji, akaelekeza bodaboda pa kusimama. Watu walisema ni mwanamume wa shoka.

Angeweza kunyamaza. Ainembabazi hakuwa mtu wa kutangaza. Othman alipoambiwa alisema waachwe, watu wamezoea harusi yao, na kwamba soko la Rubwera likianza kumcheka mtafsiri, itabidi atafute mwingine. Jovitus alijua hatanii.

Jumamosi banda lilijaa. Ikulu ilipogeuka nyeupe, Ma Prudensia alishavuta pumzi ya kigelegele. Jovitus akasimamisha picha.

"Nimewadanganya," alisema. "Sikukusudia, lakini nimewadanganya. Huu ni msiba. Mfalme amekufa."

Mbele walicheka. Mmoja akauliza, na lile sanduku la mahari? Jovitus akasema ndimo alimo. Kicheko kikaendelea kidogo kwenye mabenchi mawili, kisha kikakosa mtu wa kukisindikiza. Othman alikuwa ameshasimama amzuie. Jovitus akaliwasha picha, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akaweka maikrofoni chini.

Wakamsikia malkia kwa sauti yake. Wakaona mabakuli, moja moja. Malkia alipokaa sakafuni na kuanza kulia, Ma Prudensia aliinuka, akakaza kitenge chake, akashuka kwenye benchi na kukaa chini, kwenye udongo. Aliyefuatana naye akashuka. Halafu benchi zima. Ndivyo wanavyokaa kwenye nyumba ya msiba, na hakuna mwanamke wa huko anayebaki juu ya kiti mfiwa akiwa chini.

Jovitus alikuwa amefika mlangoni, mguu mmoja nje.

"Jovitus, waitu, mwenzetu, kaa," Ma Prudensia alisema bila kugeuka.

"Naendesha picha, mama."

"Picha linajiendesha. Siku ya Sperancia hukukaa. Ulikuwa na kamba zako za turubai, sisi tumekaa tunakusubiri. Pole yako tulirudi nayo nyumbani."

Jovitus alitazama huku na huku. Hakukuwa na kamba, wala kiti cha kuhesabu, na maikrofoni ilikuwa mbali. Akarudi. Wakamsogezea nafasi, akakaa chini kati ya wanawake wa sokoni, magoti yakimuuma.

"Pole, mwanangu," Ma Prudensia akasema, akamshika mkono. Aliyemfuata naye akampa pole, na wa nyuma yake.

Jovitus akalia mbele ya banda zima, kwa sauti, na hakuna aliyesema anazidisha.