Tai Kwenye Tovuti ya Makochi

Baba yangu ni fundi wa makochi, na kwa kujipenda hana mpinzani. Kazi ilipoanza kupungua karakanani, akaniagiza mimi bintiye nimtengenezee tovuti. Nikaitengeneza. Miezi ikapita tunaikodolea macho simu, wala haikuita. Hali isingebadilika tungefunga karakana, na baba angekwenda kuomba kazi kwa vijana aliowafundisha mwenyewe. Kwake hilo lilikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni.

Yeye aliwalaumu watu, eti mtandao hawaujui. Nikamwambia tupime: tumpe simu mtu asiyewahi kuiona tovuti, aagize kochi, sisi tufunge midomo. Tukamwita shangazi, dada yake, ambaye kweli alikuwa anatafuta kochi na ambaye maneno hayamkai moyoni.

Shangazi akakaa kwenye benchi katikati ya vipande vya sponji, akavaa miwani. Baba akasimama nyuma yake, mikono kifuani. Mama alikuwa kwenye cherehani, kama kawaida. Ukurasa ukafunguka: baba ndani ya suti. Shangazi akateremka: baba na tai nyekundu. Akateremka tena: baba anapeana mkono na bwana mmoja mnene. Maelezo yalisema anashona kila kochi kwa mikono yake mwenyewe. Shangazi akapandisha, akashusha, mwisho akavua miwani.

"Kaka, suti nimeiona. Sasa nikalie nini, hiyo tai?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Baba akasema mambo ya picha aulizwe aliyetengeneza tovuti, yaani mimi. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Picha za makochi zilikuwepo, baba. Ulisema nizitoe kwa sababu mama yumo."

Cherehani ikanyamaza. Tangu mikono ya baba ianze kutetemeka, kila kochi linalotoka pale ni la mama, mshono wa kwanza hadi wa mwisho, na wateja hawakujua. Baba akatazama sakafu. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akaificha mikono mifukoni kama mtu aliyeiiba. Sijawahi kumwona amenywea vile, na mimi mwenyewe niliona haya kumtazama.

Baadaye akaniambia, kwa sauti ya chini, nimpige mama picha. Mama akageuza uso.

"Ulishanitoa, mume wangu. Weka makochi, mimi niache."

Basi nikayapiga picha makochi, na mikono ya mama tu juu ya kitambaa. Yale maneno ya kushona mwenyewe baba aliyafuta yeye, kidole kikitetemeka juu ya kioo cha simu.

Siku simu ilipoita, mteja aliomba kuongea na fundi mwenye mikono ile. Baba akampelekea mama simu, na hakuweza kumwangalia usoni.