Kiti cha Kushoto cha Landirova

Siku niliyovunja kioo cha mbele cha Landirova ya mume wangu, jua lilikuwa linawaka, watu wa Matisi, mtaa wetu wa Kitale, wamejaa barabarani, na mtoto alikuwa mgongoni mwangu. Nilitumia wili spana, ile ya kufungulia magurudumu. Pigo la kwanza kioo kilichora mistari tu. Pigo la nne kikaanguka ndani. Nikaenda kwa taa, nikazimaliza zote mbili. Mume wangu akanishika nywele, akanipiga ngumi ya shavu, nami nikamgonga bega kwa ile spana hadi mkono wake ukaning'inia. Nikasikia mwanamke akisema, "Woi, Mama Mutiso amepata wazimu!"

Sikupata wazimu. Nimesoma hadi kidato cha nne, fizikia nilipita, na sijawahi kukimbia kivuli. Ninachokuambia hapa kilitokea, tena mchana. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Mume wangu anaitwa Wanyonyi. Ni fundi wa matrekta, na mashamba makubwa ya Kitale yote yanamjua. Kwa miaka alikuwa anaona wazungu wakipita mjini na magari yaliyobeba hema juu ya paa, wakienda Turkana, wakienda mlimani Elgon, na akawa anasema, "Hawa watu wanalipa ili walale porini, bana. Si sisi tuko na pori?" Basi akaenda mnada, akanunua Landirova kuukuu ya jeshi. Ilikuja ikivutwa na trekta. Haikuwa na betri, haikuwa na turubai, springi za nyuma zilikuwa zimelala kama mgongo wa punda mgonjwa.

Sitamnyima haki yake: kazi alijua. Alibadilisha springi, akafungua gia akaziosha kwa dizeli, akachomelea keria ya chuma juu, akatengeneza mahali pa madebe manne ya petroli na tangi la maji lenye mfereji wake. Nyuma akaweka masanduku ya mbao ya vyombo na stovu. Majirani walikuwa wanakuja kuangalia kama harusi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha viti. Cha dereva kilitoa vumbi. Cha kushoto kilitoa maji ya rangi ya kahawia. Nikakiosha kwa maji moto na sabuni ya unga, mara ya kwanza, ya pili, ya sita, nikiwa na mimba ya miezi minane, na bado maji yalitoka kahawia. Nikamwita. Akasema, "Hiyo ni kutu."

"Kutu kwa sponji?"

"Wewe osha."

Nilipaswa kuacha siku hiyo. Lakini ungekuwa wewe, ungeacha? Gari zima, pesa zote za nyumba ndani yake, kwa sababu ya maji machafu?

Mtoto akazaliwa, wa kiume, na akaanza kulia. Sisi Wabukusu tuna njia yetu. Mtoto akilia bila kunyamaza, mama mzee wa nyumba anamshika na kumwitia majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja moja. Jina ambalo mtoto atanyamaza likitajwa, huyo ndiye amekuja, na mtoto anapewa jina lake. Mama mkwe akatoka kijijini kwao, Bokoli, kuja kufanya hiyo kazi. Nyumba ilikuwa na joto la mabati, kwa hivyo alikaa nje, kwa kivuli cha Landirova, na mtoto mapajani. Wanyonyi alikuwa ndani ya gari, upande wa kushoto, anapiga msasa rangi ya jeshi.

Mama akaita babu ya Wanyonyi. Mtoto akalia. Akaita ndugu za babu. Akaita shangazi. Akaita mpaka wale waliokufa kabla yeye hajaolewa. Mtoto analia tu, amekuwa mwekundu kama nyanya. Nami nilikuwa sijalala siku tano.

Sasa Wanyonyi, kwa ule mzaha wake, akatoa kichwa dirishani. Chini ya rangi, karibu na kiti, alikuwa amepata maandishi yaliyokwaruzwa kwa msumari. Akasoma kwa sauti kubwa akicheka: "Mutiso! Mama, jaribu Mutiso!"

Mtoto akanyamaza. Hakupunguza kwanza, alinyamaza kama redio imezimwa. Akageuza kichwa, mtoto wa wiki mbili, akaangalia kile kiti.

Mama mkwe aliinuka akamzaba Wanyonyi kofi, mwanamume mzima, mbele yangu. "Umeita nani? Ni wa kwetu huyo? Unajua alikufa namna gani? Unaita mtu kutoka kwa gari ya vita, unamweka kwa mtoto wangu?"

"Mama, si ni mchezo tu."

"Hili si la kuchezea!"

Alitaka tuende Bokoli siku hiyo hiyo, wazee walikatae hilo jina. Wanyonyi akasema kazi ni nyingi. Na mimi, nitasema ukweli hata kama unaniaibisha, mimi nilikuwa upande wa Wanyonyi. Kwa nini? Kwa sababu mtoto alikuwa amelala. Tukijaribu kumwita jina lingine alipiga kelele hadi midomo ikawa ya bluu. Tukimwita Mutiso alitabasamu. Baada ya mwezi mtaa wote uliniita Mama Mutiso, nami nikaitika.

Gari lilipokwisha, mtoto alikuwa na miezi saba. Wanyonyi akasema lazima tulijaribu sisi wenyewe kabla ya kuchukua wageni. Tukapanda na barabara ya mlimani hadi mahali pa wazi kando ya mto, msitu uko juu yetu. Gari lilipanda vizuri sana. Nilijivunia, sikatai. Saa tisa tulikuwa tumefunga turubai ubavuni, Wanyonyi akashuka na panga kutafuta kuni, nami nikawasha stovu nyuma ya gari nichemshe uji. Mtoto nilikuwa nimemkalisha juu ya blanketi kando yangu.

Ukungu wa Elgon hushuka mchana, watu wa huko wanajua. Ulishuka. Na ndani yake akatoka mwanamume mwenye koti refu la jeshi, anatembea polepole kama mtu anayerudi nyumbani.

"Mama Mutiso, jambo," akasema.

Nikaitika. Kwani ungefanya nini? Nilifikiri ni askari wa msitu, na kwamba amekutana na Wanyonyi. Kisha nikaona koti lilikuwa linadondoka maji, na mvua haikuwa imenyesha.

Akamwangalia mtoto. "Wajina," akasema, na mtoto akanyoosha mikono kwake. Mtoto wangu, ambaye alikuwa hakubali hata kubebwa na dada yangu!

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Mimi ni wa hapa," akasema. Akapita, akafungua mlango wa kushoto, akaketi. Niamini, gari liliinama upande ule. Niliona springi ikishuka, zile springi mpya. Kutoka nyuma nilikiona kichwa chake, na nyuma ya kichwa hapakuwa na kitu. Palikuwa wazi, kama chungu kilichovunjwa. Maji ya kahawia yalikuwa yanashuka mgongoni mwa kiti, yale yale niliyoyaosha.

Akasema bila kugeuka, kwa upole kabisa: "Nimechoka kukaa hapa, mama. Hakuna aliyekuja kunishusha. Nyinyi mmeniita, mmempa jina langu. Basi yeye akae, mimi nishuke." Na mkono wake ukarudi nyuma, mrefu kuliko mkono wa mtu, ukamshika mwanangu mkono wa juu.

Nilimmwagia sufuria nzima ya uji unaochemka. Hakushtuka. Nikachukua koleo la kuchimbulia gari matopeni, nikampiga kwa ncha mara nne, tano, na kila pigo liliingia na kutoka likiwa na maji. Mtoto alikuwa anavutwa juu ya masanduku. Nikamshika miguu. Tukavutana. Mtoto alilia sasa, alilia kama mtoto wa kweli, na mimi nikamuuma yule mtu kidole kwa nguvu zangu zote. Kilikuwa baridi na kilikuwa na ladha ya betri. Akanipiga kwa kiwiko, jino langu la mbele likatoka. Angalia hapa. Pengo ndilo hili.

Nikaita majina. Babu, ndugu za babu, shangazi, wote wale Mama aliwaita. Nikaita hata marehemu baba yangu. Hakuna aliyekuja.

Wanyonyi ndiye aliyekuja, na kuni begani. Aliona. Usiniambie hakuona, kwa sababu kuni zilimwanguka na alisimama wima mikono ikiwa ubavuni, kama askari gwarideni. Nikalia, "Mpige! Mpige na panga!"

Yule mtu akasema, "Dereva, washa."

Na mume wangu, baba ya mtoto, akatupa panga, akaingia, akawasha.

Gari likashuka mlima. Nilikuwa nusu ndani nusu nje, magoti yakiburuzwa juu ya mawe, nimeshika miguu ya mtoto. Madebe yalikuwa yanaruka, stovu ikanipita kichwani. Sikuachilia. Nikapanda juu ya sanduku kwa tumbo, nikafika mbele, nikaingiza vidole vyangu kwa macho ya Wanyonyi. Ndiyo, macho ya mume wangu. Akapiga kelele, usukani ukamtoka, tukagonga mti.

Nilipoinua kichwa, mtoto alikuwa chini yangu, mzima, analia. Wanyonyi alikuwa na damu usoni. Kiti cha kushoto hakikuwa na mtu, ila kilikuwa kimejaa maji.

Sasa sikiliza kile kilichonimaliza. Si yule mfu. Yule mfu alikuwa na shida yake na aliisema. Aliyenimaliza ni huyu aliye hai. Tulipofika Kitale, Wanyonyi aliambia watu breki zilishindwa. Nilipomwonyesha mkono wa mtoto, alama nne za vidole, nyeusi, akaniangalia machoni kabisa, akasema, "Ni wewe ulimshika vibaya." Wiki tatu alinyoosha bodi, akapaka rangi. Nikavumilia. Nilikuwa na mtoto mchanga na jino limetoka, niende wapi?

Kisha siku ile nikatoka kuanika nguo nikamkuta na futi ya kupimia. Alikuwa anampima mtoto aliyelala, urefu na mabega. Kwenye gari, juu ya kile kiti cha kushoto, alikuwa ameshafunga kwa bolti kiti kidogo cha mbao, kimepigwa msasa vizuri, na mkanda wake.

Nikauliza, "Hiki ni cha nani?"

"Dereva lazima awe na mwenzake," akasema. Sauti haikuwa yake.

Nikamfunga mtoto mgongoni. Nikachukua wili spana. Mengine nimeshakuambia.

Mama mkwe ndiye aliyenipokea Bokoli, na hakuniuliza nimemwacha mwanawe na nani. Wazee wakakaa. Wakasema jina la ukoo wangeliondoa kwa kuku mmoja, lakini hili si la ukoo. Lazima lirudishwe kwa watu wake, waje wamchukue kwa mdomo wao wenyewe kutoka mahali alipofia. Na watu wake ni nani? Mutiso ni wangapi katika Kenya hii? Anayejua ni yule aliyeuza.

Wanyonyi bado yuko Matisi. Analala ndani ya gari, kwa kiti cha dereva, na hajawahi kupeleka mgeni hata mmoja mlimani. Alama za mkono wa mtoto hazijaisha. Kwa hivyo wewe unayetaka kununua gari la jeshi kwa mnada, usianze kwa kuangalia injini. Uliza nani alikaa wapi. Na mtoto akilia, mwache alie. Usimnyamazishe kwa jina la mtu usiyemjua, hata kama hujalala mwezi mzima.

Nilienda Bungoma, kwa ofisi ya serikali, na karatasi yangu ya fulskepu. Karani alisoma mstari mmoja akaweka kalamu chini.

"Mama, unashtaki nani? Marehemu?"

"Nashtaki waliouza. Marehemu ni shahidi."

"Shahidi amekufa!"

"Ndiyo maana naomba anwani ya kwao."

Alicheka hadi akaita wenzake wawili. Sikutoka. Nilikaa kwa benchi mpaka ofisi ikataka kufungwa, mtoto akinyonya, na mwishowe akagonga muhuri ili niende. Nakala ninayo, na hivi ndivyo nilivyoandika:

KWA ANAYEHUSIKA

MALALAMISHI KUHUSU GARI LILILOUZWA BILA KUTANGAZA KIFO

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, ninaishi kwa sasa Bokoli. Nalalamika kwamba mume wangu aliuziwa Landirova ya jeshi kwa mnada, na hakuelezwa kwamba mtu alifia katika kiti cha kushoto. Jina la mtu huyo ni Mutiso, aliliandika mwenyewe kwa msumari. Mtu huyo amenipiga, amenitoa jino, na amejaribu kumchukua mtoto wangu. Simwombei adhabu, kwa sababu hakuna aliyekwenda kumshusha.

Naomba mambo mawili. Kwanza, niambiwe nyumbani kwao ni wapi. Pili, watu wake wajulishwe kwamba anangoja Matisi.

Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne na hana jina. Kila tunalomwita analikataa, na lile analolitaka hatulitamki. Tunamwita "wewe". Naomba nijibiwe haraka, kabla hajajua kusema, kwa maana siku atakapojua, atatuambia mwenyewe anaitwa nani.