Hereni za Koko

Wenzangu tuliokulia juu kule Ngorongoro mtakumbuka kwamba Majilio yalikuwa na harufu yake. Kitambaa cha zambarau kimetandikwa altareni, ukungu unaingia kanisani bila kubisha hodi, na nguo zetu za Krismasi, mitumba ya mnadani Karatu, zimefungiwa sandukuni na dawa ya nondo. Kuzijaribu ilikuwa marufuku. "Ukivaa leo, Krismasi utavaa ngozi ya mbuzi?" mama alikuwa akituuliza. Siku yenyewe ikifika, kanisa zima linanuka dawa ya nondo, nasi tunajiona mabwana. Watoto wa leo wanabadilisha nguo mara tatu kabla ya chakula cha mchana, wapigwe picha, na bado wamenuna.

Mahubiri nayo yalikuwa ya nguo. Mwinjilisti wetu, mgeni aliyetoka mbali, alifundisha kila mwaka kwamba wokovu ni vazi: uvue la kale kwanza, ndipo uvikwe jipya. Na la kale alituonyesha kwa kidole: shanga, na hereni ndefu za wanawake walioolewa.

Bibi yangu, tuliyemwita Koko, aliutamani ubatizo kuliko mvua. Kila Majilio alihudhuria mafundisho, sala zote akazijua. Kila Majilio alirudishwa nyumbani.

"Bibi, vua hereni tu," mwinjilisti alimwambia.

"Baba, mume wangu yu hai," Koko alijibu. "Hizi mke anazivua mumewe akifa. Unataka nimzike mtu anayechunga ng'ombe?"

Mtoto yeyote wa pale angemweleza. Mwinjilisti hakuuliza. Aliona shaba na shanga, akadhani ni urembo.

Babu alifariki mvua za vuli zikianza. Koko akavua hereni. Majilio yalipofika alikuja kanisani masikio matupu, ndewe zikining'inia. Mwinjilisti alimshika mkono, akamsimamisha mbele yetu.

"Tazameni," akasema, uso umemchangamka, "hatimaye bibi yetu amevua utu wa kale."

Wageni wenzake wakapiga makofi. Watu wa kwetu wakainamisha vichwa. Koko alilia, na mwinjilisti akatutangazia kuwa ni machozi ya furaha. Alibatizwa Krismasi, ndani ya gauni jeupe la kuazima. Nimezeeka, lakini hasira ya siku ile haijanitoka.

Jumapili iliyopita nilisali hapa Karatu mjini. Kwaya ya vijana ilitinga hereni zile zile, zimenunuliwa duka la watalii, mabinti ambao hata posa hawajaletewa. Mchungaji naye kajitanda shuka begani, anahubiri kwamba Mungu anaupenda utamaduni wetu. Watu wote wakaitikia amina.

Mimi sikuitikia. Kumbe Mungu hakuwa na neno na hereni zile. Koko angeweza kubatizwa asubuhi, na jioni akampelekea mumewe maziwa, hereni zikigongana masikioni.