Shikamoo ya muuza mkasi wa bati

Leo pale Kerege mzee wa rika la baba yangu kaniamkia MIMI shikamoo.
Hapo hapo nikashtuka.

Nilikwenda dukani kwake kutafuta mkasi wa bati, ule wa kufunga mezani, wenye mkono mrefu. Natengeneza majiko nyumbani.

Akachukua kibati chake, akakikata kama karatasi.

Nami nikatoa changu, bati la pipa ninalotengenezea majiko.
"Hilo hapana, mwanangu, utaniharibia makali."

Kumbe nimeshakuwa mwanawe! Na makali gani hayo yanayoogopa bati?

Nikaliingiza bati langu, nikauvuta mkono wa mkasi mwenyewe. Bati likatafunwa tu, halikukatika.

Ile shikamoo nilikuwa bado sijaiitikia. Nikaiitikia nikiwa mlangoni, natoka:
"Marahaba."

Wenye adabu zenu, haya, nisuteni.