Kidole Gani?

Kila Jumapili tukitoka misa, Maman hutujaribu miguu. Mimi na mdogo wangu wa kike tunakaa kwenye mkeka na kufumba macho. Anachomoa njiti moja ya ufagio, anatugusa vidole vya miguu. "Kidole gani?" Ukipatia vyote, unaenda kula.

Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, umo kwenye ukoo. Babu, baba yake Maman, alianza kwa kujikwaa shambani kwake Giheke, akamaliza akiburuza miguu yote miwili. Maman naye, nilipokuwa mdogo, alivuka daraja la mpakani kwenda Bukavu mara mbili kwa siku na beseni la nyanya kichwani. Sasa anavuka mara moja. Kandambili amezifunga miguuni kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kwa sababu zikimtoka hajui. Mwaka huu mikono nayo imeanza, mimi ndiye ninayemfungia vifungo vya blauzi. Kwenye foleni ya mpakani wenzake wanamtania: "Maman, leo umefika na viatu viwili? Daraja litalala njaa." Anacheka nao. Mimi naangalia chini.

Kumbe nami nilikuwa na siri. Wakati wa mvua nilitoka kuchota maji nikafika nyumbani na kandambili moja. Mdogo wangu ndiye aliyeiona. Nilirudi, nikaikuta imenasa kwenye tope karibu kabisa na bomba. Njia yote ile nilikuwa nimetembea bila kujua. Tangu hapo, kila Jumapili nilidanganya: nilifumba macho nusu, nikaichungulia njiti kupitia kope.

Jumapili iliyopita Maman alimaliza na mdogo wangu kwanza, kisha akavua kitambaa chake cha kichwa.

"Wewe leo nakufunga macho."

"Kwa nini, Maman? Si nafumba siku zote?"

"Kaa."

Kitambaa kilinuka mafuta ya nywele. Nje pikipiki zilikuwa zinapanda kwenda Kamembe. Nilikaza miguu.

"Kidole gani?"

Nilitafuta, sikupata kitu. Nikakumbuka huwa anaanza na kidole kikubwa.

"Kikubwa."

"Na sasa?"

"Kile kidogo, cha mwisho." Nikabadili haraka, "Hapana, cha katikati."

"Mutoto wangu," akasema, "sijakugusa bado."

Sikukitoa kitambaa. Sikutaka kuona uso wake. Aliuliza tangu lini, nikamwambia yote, tope na kope.

"Sikutaka uone kama ni wewe ulinipa."

"Ni mimi nilikupa," akasema. "Na huo wizi wa kuchungulia nilikupa mimi. Baba yangu alikuwa anatugusa na unyoya wa kuku. Nilimchungulia miaka miwili."

Alinifungua macho, akauweka mguu wangu mapajani mwake na kuanza kukagua unyayo taratibu, kama ninavyomkagua yeye kila jioni akirudi kutoka Bukavu. Kisiginoni kulikuwa na mwiba, umeshazama, pembeni pamekuwa peusi.

"Huu ni wa lini?"

Sikujua.

Alileta pini autoe. Ikamponyoka vidoleni mara mbili. Nikaichukua, nikautoa mwenyewe, yeye akiwa ameushika mguu kwa mikono miwili usitikisike.

Haukutikisika.